Nafsi: Swali la Mama Mmoja wa Rungwe



Ndugu msomaji, sisi tunaoandika makala hii ni wawili, wanafunzi wa falsafa. Mmoja amezaliwa Rungwe, mkoani Mbeya, na mwingine Iringa mjini. Likizo ndefu ya mwaka juzi tuliamua kuitumia pamoja: Julai nyumbani kwa mmoja, Agosti nyumbani kwa mwingine. Julai kule Rungwe ukungu hushuka kutoka mlimani ukalala juu ya migomba mpaka saa nne asubuhi, na yule wa Iringa, aliyekuwa akijisifu kwamba baridi anaijua, siku ya pili aliomba koti la kuongeza. Tulipokwenda kumsalimu paroko alitukaribisha chai, kisha akasema tusikae bure. Kulikuwa na kigango ambacho katekista wake alikuwa mgonjwa, na wakatekumeni walikuwa hawajafundishwa kwa wiki tatu. "Nendeni mkawafundishe Utatu Mtakatifu," akasema.

Utatu wenyewe ni somo la teolojia na sisi hatujaufikia. Lakini neno linaloubeba, lile la Kilatini persona, tulikuwa tumelifanyia mtihani wa metafizikia wiki chache kabla, na wote wawili tulifaulu vizuri. Huenda kosa lilianzia hapo.

Jumamosi tulikuta watu kama ishirini chini ya bati, watu wazima na vijana, na ubao mmoja uliochakaa. Tuliandika: Mungu mmoja, Nafsi tatu. Kijana wa kidato cha pili akanyosha mkono. "Frateri, ndizo zile nafsi za Kiswahili? Ya kwanza, ya pili na ya tatu?" Watu wakacheka na sisi tukacheka. Tukamwambia hapana, zile ni za sarufi, aziache shuleni. Huku kanisani nafsi ni jambo lingine. Tukaandika fasili yetu kwa herufi kubwa: nafsi ni yule mwenye akili na utashi. Halafu tukaeleza kama tulivyozoea kuelezwa, kwa kupanda ngazi. Jiwe si nafsi. Mgomba una uhai lakini si nafsi. Ng'ombe anaona, anasikia, anamjua mchungaji wake, lakini si nafsi, kwa sababu hana akili wala utashi. Mwanadamu ni nafsi, malaika ni nafsi, na katika Mungu mmoja kuna Nafsi tatu. Tulipogeuka kutoka ubaoni tulijiona tumefundisha.

Mama mmoja alikuwa ameketi benchi la nyuma bila daftari.

"Frateri, samahani. Na asiyekuwa na akili?"

"Kama nani, mama?"

"Kama mwanangu."

Akatueleza taratibu, kwa heshima, bila ubishi wowote. Anao watoto watatu. Wawili wako naye katika mafundisho. Wa katikati, wa kiume, ana miaka tisa, hasemi, hatembei sawasawa, hajui hatari ya moto wala ya maji, na hajawahi kumwita mama. Huyo hakumwandikisha. "Nilidhani hawezi kubatizwa kwa sababu hawezi kujifunza," akasema. "Leo ndiyo nimeelewa sababu yenyewe."

Tulisema haraka haraka kwamba la, mama, naye ni nafsi. Akauliza ni kwa vipi, ikiwa nafsi ni mwenye akili. Tukasema kwa kuwa ana roho. Akafikiri kidogo, akasema hata kuku akichinjwa anakata roho. Na ni kweli, Kiswahili husema hivyo. Mvua ikaanza kupiga bati, hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, na darasa likaisha hivyo. Tulimwahidi kwamba tutarudi na jibu.

Jioni ile paroko alitusikiliza akiwa anakula, kisha akauliza, "Kwani nani amewaambia mtoto huyo habatizwi?" Hatukuwa na la kujibu. Akatuonyesha Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 852: asiyeweza kujitawala kwa akili huhesabiwa sawa na mtoto mchanga katika jambo la ubatizo. Mtoto mchanga naye hajasoma katekisimu. "Mleteni," akasema, akaendelea na ugali wake. Kichungaji jambo lilikwisha kwa dakika tano. Sisi tulibaki na lile neno letu ubaoni.

Tulifungua daftari usiku uleule. Fasili tuliyoifundisha ni ya Boethius, Mrumi aliyeuawa mwaka 524, na aliiandika katika kitabu chake cha kuwajibu Nestorius na Eutyches. Ugomvi wa wakati ule ulikuwa juu ya Kristo: je, ndani yake mna nafsi mbili, au asili moja tu? Mtaguso wa Kalkedoni ulikuwa umekwisha tamka mwaka 451 kwamba Nafsi ni moja na asili ni mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, lakini watu waliendelea kugombana kwa sababu maneno hayo mawili, nafsi na asili, kila mmoja aliyatumia kwa maana yake. Boethius alitaka kuyatenganisha. Kwa maneno yetu, alisema hivi: nafsi ni kitu kamili kimoja, kisichogawanyika, cha asili yenye akili. Mwalimu wetu aliisema yote, neno kwa neno. Tuliikuta katika mwandiko wetu wenyewe. Mwezi mmoja kabla ya mtihani, tulipokuwa tunafupisha ili tukariri, ndipo tulipoandika pembeni "mwenye akili na utashi". Neno asili lilianguka hapo.

Ni neno moja, lakini tazama linavyofanya kazi. Fasili ikisema "cha asili yenye akili", swali ni wewe ni wa jamii gani, umezaliwa na nani. Ikisema "mwenye akili", swali ni una kiasi gani. Na katika Kiswahili cha kila siku hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye akili ni yule anayeshika nafasi ya kwanza darasani, na "hana akili" ni tusi. Mama yule hakututafsiri vibaya. Alitusikia kwa Kiswahili chake, ambacho ndicho Kiswahili chetu pia tunapokuwa nje ya darasa.

Baadaye tuligundua kwamba jambo hili si geni hata huko juu. Tamko la Roma liitwalo Dignitas infinita, lililotolewa Aprili 2024, linairudia fasili ya Boethius na kusimama kwenye neno asili, likisema heshima ya mtu haitegemei kama anaweza kuvitumia vipawa vyake. Tungelisoma mapema, tungejua. Lakini tusijidanganye: pengine tungelisoma, tukalifupisha.

Kisha kuna kijana wa kidato cha pili, ambaye bado tunamwonea aibu. Tulimwambia aziache nafsi za sarufi shuleni. Katika daftari letu hilohilo, kurasa chache nyuma, imeandikwa kwamba Wagiriki walikuwa na neno prosopon, maana yake uso, na pia kile kinyago cha uso ambacho mwigizaji alivaa jukwaani. Wanasarufi wao, akiwemo Dionysius Thrax kabla ya Kristo, walilichukua neno hilo kutaja pande tatu za mazungumzo: anayesema, anayeambiwa, na anayesemwa. Walatini wakaweka persona kwa kazi zote hizo. Basi alipotokea mtu aitwaye Praxeas kufundisha kwamba Baba na Mwana ni yuleyule kwa majina mawili, aliyemjibu ni Tertullian, Mwafrika wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, na sehemu moja ya jibu lake ni sarufi tupu. Soma Maandiko, anasema, uangalie nani anasema, anasema na nani, na anasema juu ya nani. Hao hawawezi kuwa mmoja anayejisemesha mwenyewe. Yaani swali la yule kijana lilikuwa limekwisha ulizwa na mmoja wa walimu wa kwanza wa teolojia ya Kilatini, tena kwa uzito, na sisi tulilicheka.

Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Baba si "nafsi ya kwanza" kwa sababu anasema "mimi". Hata Agostino alikiri, katika kazi yake kubwa juu ya Utatu, kwamba tunasema nafsi tatu kwa sababu tusiposema hivyo tutabaki kimya. Lakini maneno haya ni ndugu, na ndugu hukutana misibani hata kama wanaishi mbali.

Mmoja wetu alimuuliza bibi yake pale jikoni jinsi ya kusema nafsi kwa Kinyakyusa. Bibi akasema "umundu". Tukasema, bibi, hiyo ni mtu tu. Akasema, "Ndiyo. Mlitaka nini kingine?" Wa Iringa akakumbuka kwamba kwao wangesema "munu". Kiswahili kilipata bahati ya kuwa na maneno mawili, mtu la kwetu Wabantu na nafsi lililovuka bahari kutoka Uarabuni. Bahati hiyo ina manufaa yake. Hakuna anayeweza kufundisha "Mungu mmoja, watu watatu" bila darasa zima kuwaona wazee watatu wameketi. Ila neno la pili likishapatikana hufungua mlango wa kuuliza kama mtu fulani ni nafsi, swali ambalo kwa lugha ya bibi lisingesemeka hata kidogo. Ungesema tu, je, mtu huyu ni mtu?

Jumapili iliyofuata mama hakuja kanisani. Tukaenda nyumbani kwake pamoja na mke wa katekista.

Tulimkuta mtoto barazani, ameegeshwa kwa mto, na bibi yake, mama mzaa baba, akimlisha uji. Jina lake tunaliacha. Alikuwa mdogo kuliko miaka yake, macho makubwa. Bibi alikuwa anazungumza naye mfululizo: wewe, fungua mdomo, wewe, umeona wageni, wewe, usinimwagie. Wale ndugu zake wawili wakapita, kila mmoja akimtupia neno. Jirani akapita njiani akamsalimu kwa jina kabla hajatusalimu sisi. Mtoto hakujibu hata mmoja. Tulihesabu kimoyomoyo, kama wanafunzi wajinga, na kabla chai haijaletwa alikuwa amekwisha kuwa nafsi ya pili zaidi ya mara thelathini. Kisha uji ukapoa. Bibi akapeleka kijiko, mtoto akageuza uso. Akapeleka tena, akageuza uso upande wa pili. "Vya baridi hali," bibi akatuambia. "Akikataa amekataa, hata nani aje." Tulitazamana. Neno utashi tulikuwa nalo mdomoni, lakini tulipata akili ya kutolitoa.

Kuna jambo ambalo lugha yetu hulifanya na hatujawahi kulitazama. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: majina haya yote yamevikwa ki-, kiambishi cha kiti na kijiko. Watu wengi leo hawayapendi kwa sababu hiyo, na ndiyo maana husemwa "mtu mwenye ulemavu", na sheria ya mwaka 2010 ikaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ni sawa. Lakini sikiliza kitenzi kinachofuata. Hata yule mwenye dharau kuliko wote hasemi "kiwete kinakuja". Anasema anakuja. Jina limemshusha, na neno linalofuata papo hapo linamrudisha mahali pake, bila msemaji kukusudia.

Tulimwambia mama kwamba mtoto atabatizwa, paroko amesema, sheria ipo. Tukamwomba radhi kwa lile somo. Tukaeleza habari ya neno asili, kwa kirefu mno pengine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Asanteni, frateri," akasema. "Ubatizo nimefurahi. Ila Jumamosi ile nilirudi nikamlisha, nikawa namtazama." Akanyamaza. Mke wa katekista akaanza kuzungumzia bei ya viazi.

Wiki iliyofuata tulipanda basi kwenda Iringa. Kutoka Mbeya ni safari ya karibu siku nzima, Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, na maneno yale ya mama yalisafiri nasi. Tulishuka Ipogolo bondeni jua linazama, tukapanda bajaji kwenda juu mjini.

Nyumbani kwa mwenzetu kuna kaka anayesoma sheria katika Chuo Kikuu Kishiriki, kama wazee bado wanavyokiita, yaani Ruaha Catholic University. Tulimsimulia yote. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria hapa nchini huijua, ya Salomon, fundi viatu wa London, iliyoamuliwa mwaka 1896. Fundi huyu aliunda kampuni, akaikopesha fedha, kampuni ikafilisika, na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema kampuni ni mtu mwingine, tofauti na Salomon mwenyewe. Tangu hapo kampuni ina nafsi yake kisheria. Inamiliki kiwanja, inashtaki, inashtakiwa. "Kwa hiyo kwetu sisi," kaka akasema, "nafsi si mwenye akili. Ni mwenye haki na wajibu. Sheria ndiyo inayosema nani yumo."

Tukakumbuka kwamba Kanisa nalo lina mahakama zake. Tulitafuta, na tukakuta kanuni ya 238: seminari iliyoundwa kihalali ina nafsi ya kisheria kwa nguvu ya sheria yenyewe. Ndugu msomaji, tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Seminari yetu, yenye mabweni, shamba la mahindi na jenereta linalogoma, ni nafsi, na hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa kulitilia shaka. Kanuni ya 96 nayo inasema kwamba kwa ubatizo mwanadamu anafanywa nafsi ndani ya Kanisa, mwenye haki na wajibu wa Mkristo. Hapo neno lina maana nyingine tena. Katika metafizikia mtu haanzi kuwa nafsi kisimani. Katika sheria ya Kanisa huanzia hapo hapo. Kama tungemsomea mama kanuni hiyo bila maelezo, tungemuumiza mara ya pili kwa neno lilelile.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na ya maisha yake binafsi. Hapa nafsi si yule mtu, ni kitu chake, kitu kinachoweza kuguswa na kulindwa. Na binafsi ni mtoto wa nafsi. Mtoto huyo alikuwa na sifa mbaya zamani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ubinafsi ulikuwa dhambi ya taifa, na mkoani Iringa ugomvi kuhusu mashamba binafsi na vijiji vya ujamaa haukuishia kwenye hotuba: mkuu wa mkoa, Dakta Klerruu, aliuawa kule Ismani siku ya Krismasi mwaka 1971. Leo sekta binafsi hualikwa kwenye makongamano na kupewa viti vya mbele. Neno halikubadilika herufi hata moja.

Wanasaikolojia wanalo la kwao, na wenzetu wa Kenya katika ushairi wana "nafsineni", yule anayesikika akisema ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mtunzi. Hao tunawapita. Aliyetusimamisha ni mzee mmoja Mwislamu, fundi cherehani jirani na soko kuu la Iringa, aliyemshonea mwenzetu kanzu yake ya kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnaendeleaje na upadri?"

Tulimuuliza nafsi ni nini. Hakusita. Nafsi, akasema, ndiyo hiyo unayopigana nayo alfajiri usitake kuamka. Qurani inazitaja hali zake: nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo, na nafsi iliyotulia. "Kwa hiyo ninyi mkisema Mungu ana nafsi tatu," akasema akitabasamu, "mimi nasikia jambo jingine kabisa, mnisamehe." Hatukuwa tumewahi kulifikiria hilo. Kwa miaka yote mji mmoja umekuwa ukitumia neno moja, huku kanisani likitaja kilicho juu kabisa katika Mungu, na kule msikitini likitaja kile ambacho mtu anapaswa kukitiisha ili amfikie Mungu. Wote ni Waswahili, wote hununua vitambaa duka moja. Wanafalsafa wa Kiarabu nao, kama Ibn Sina, waliandika juu ya nafs wakimaanisha kile ambacho sisi tunakiita roho: kinachoufanya mwili uwe hai. Na kwa maana hiyo hata ng'ombe anayo, ya daraja lake.

Mzee hakutaka falsafa. Alitaka kujua kwa nini tunauliza. Tukamwambia habari za mtoto. Akasimamisha cherehani. Akasema kwao imefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka akue, na asiye na akili mpaka apate akili. Malaika hawaandiki dhambi zao. "Huyo hana deni," akasema. "Mwenye deni ni ninyi mliosema naye vibaya." Tukamwambia hatukusema na mtoto, tulisema na mama yake. Akasema ni palepale.

Katika masomo ya muhula uliofuata tulifika kwa John Locke. Katika toleo la pili la kitabu chake kikubwa, la mwaka 1694, aliongeza sura ambamo anatenganisha kati ya mwanadamu na nafsi. Nafsi kwake ni kiumbe kinachofikiri na kujijua kuwa ni kilekile leo na jana, na anasema wazi kwamba neno hilo ni la mahakamani, la kujua nani alaumiwe na nani asifiwe. Darasani wenzetu waliona ni hoja nzuri, na kwa kazi ya mahakama si mbaya. Sisi wawili tulikaa kimya tukiwaza baraza moja la Rungwe. Ngazi yetu ya ubaoni, jiwe, mgomba, ng'ombe, mtu, ilikuwa imefika pale pale alipofika Locke, ila yeye alijua anakokwenda. Mwalimu alipouliza kama kuna swali, mmoja wetu alinyosha mkono na kuuliza, "Na asiyeweza kusema mimi?" Mjadala ulikula kipindi chote na kengele ikapigwa kabla haujaisha.

Pasaka hatukuwepo Rungwe. Katekista, ambaye alikuwa amepona, alitupigia simu Jumatatu ya Pasaka, nasi tukaweka sauti kubwa tukiwa wawili kwenye ngazi za bweni. Mama alibatizwa katika mkesha, pamoja na wale watoto wawili, na baba pia, ambaye hakuwahi kuonekana darasani siku tulipofundisha. Mtoto alibebwa na baba yake. Kwa kuwa alipokelewa kama mtoto mchanga, paroko aliwauliza wazazi jina mnampa nani, na baba ndiye aliyejibu.

Tangu hapo tumekuwa tukilitazama neno ambalo paroko alilitamka baadaye. Nakubatiza. Ni kitenzi kimoja, na ndani yake zimo nafsi mbili za yule kijana wa kidato cha pili: n- ya anayesema, -ku- ya anayeambiwa. Hakuna ulimi wa Kiswahili unaoweza kutamka ubatizo kwa mtu bila kumwita wewe. Kisha ndipo hufuata yale majina matatu.

Maji yalikuwa ya baridi, katekista akasema, si mnaijua baridi ya huku usiku. Yalipomgusa mara ya kwanza mtoto akageuza uso. Mara ya pili akaugeuzia upande wa pili. Bibi yake, aliyekuwa benchi la mbele, akasema kwa sauti kanisa zima likasikia, "Si niliwaambia vya baridi hataki," na paroko akangoja watu wamalize kucheka ndipo akammiminia mara ya tatu.